Kufuata Maji ya Albaicín: Matembezi ya Saa Tatu katika Granada ya Kale

Mwezi Oktoba mwaka jana mimi na mama yangu, sote wawili wazaliwa wa Mombasa, tulilipia matembezi ya miguu ya saa tatu katika Granada, mji wa kusini mwa Uhispania uliokuwa makao ya dola ya mwisho ya Kiislamu katika nchi hiyo hadi tarehe 2 Januari 1492. Tulitoa yuro 22 kwa kila mtu, tukakutana na kundi letu saa 10 alasiri mbele ya jengo la Corral del Carbón, na tukaagana nalo jua likizama kwenye uwanja wa San Nicolás, katika sehemu ya juu ya mtaa wa Albaicín. Kampuni kadhaa huuza njia hii karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo ninachokipima hapa ni njia yenyewe na namna tulivyoongozwa. Hukumu yangu naitoa mapema: matembezi haya yanastahili bei yake, kwa sababu mwongozaji wetu alitufundisha kuusoma mji kwa kufuata maji yake, na kila alipoyaacha maji, maelezo yake yalipungua nguvu.

Mtu anayepanga safari ajue kwamba matembezi haya hayaingii Alhambra. Kasri hilo lina tiketi zake, zinazoandikwa jina la mgeni na saa kamili ya kuingia katika majumba ya wafalme wa Banu Nasri, ukoo wa mwisho wa Kiislamu kuutawala mji huu, nazo huisha mapema. Asiyekata tiketi kabla ya kufunga safari anaweza kuikosa kabisa. Hapa Alhambra huonekana kutoka ng'ambo ya bonde tu. Sikuona hasara katika hilo, kwa kuwa majumba ya wafalme yameandikwa na kupigwa picha kupita kiasi, ilhali mtaa walioishi mafundi, wafumaji wa hariri na wauza mboga huhitaji mtu wa kuueleza ukiwa umesimama ndani yake.

Corral del Carbón ni mahali pazuri sana pa kuanzia. Jengo hili la karne ya 14 lilikuwa nyumba ya wafanyabiashara waliotoka mbali: chini waliweka wanyama na bidhaa, juu walilala, na katikati pana uwanja ulio wazi unaozungukwa na roshani. Waarabu waliita nyumba ya namna hiyo funduki, na msomaji aliyewahi kuingia katika Caravanserai ya Bagamoyo atautambua mpangilio huo mara moja, ingawa hii ya Granada imeitangulia ile kwa karne kadhaa. Jina la sasa lina maana ya uwanja wa makaa, kwa kuwa baadaye wauza makaa walipafanya pao. Lango lake ni refu, na ukiinua macho chini ya tao lake utaona vipande vidogo vya mapambo vinavyoning'inia vikiwa vimepangana kama sega la asali.

Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa katika mji huohuo, hakuanza na tarehe wala majina ya wafalme. Alituongoza moja kwa moja hadi kwenye hodhi la jiwe lililo katikati ya uwanja, akatuuliza nyumbu aliyepanda kutoka pwani ya Málaga na mzigo mgongoni angehitaji nini kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akatuambia kwamba katika saa tatu zijazo tutamwona akisimama mara nyingi kwenye mabomba, visima na mifereji, na kwamba anayetaka kuelewa kwa nini nyumba fulani iko pale ilipo aulize maji yalikuwa yakipita wapi. Mama, ambaye Kiingereza anakisikia lakini hapendi kukizungumza, alinishika mkono akaninong'oneza, "Huyu binti ana akili." Tangu hapo hakumwacha mbali.

Alcaicería, soko la zamani la hariri, tulilipita haraka, na ilifaa tulipite hivyo, kwa sababu soko la asili liliteketea kwa moto mwaka 1843 na vichochoro vya sasa vilijengwa upya kwa kuiga, vikiwa vimejaa taa za rangi na vikombe vya kumbukumbu. Madraza ni jambo jingine. Jina lake halihitaji tafsiri kwa Mswahili. Yusuf wa Kwanza, mfalme wa Banu Nasri, aliijenga mwaka 1349, na leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada; sehemu kubwa ya jengo imebadilishwa, lakini chumba cha kuswalia pamoja na mihrabu yake bado vipo. Sisi tulichungulia kutoka mlangoni tu, jambo lililonisikitisha, kwa kuwa dakika kumi za ndani zingetosha.

Jirani yake ndipo yalipo Kanisa Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1523 mahali uliposimama msikiti mkuu, na kikanisa cha kifalme walimozikwa Isabella na Ferdinand, wafalme waliouteka mji. Kutoka hapo tulitokeza kwenye uwanja wa Bib-Rambla, ambao jina lake latokana na Kiarabu, bab al-ramla, yaani lango la mchanga. Hapa mwongozaji alisifia maua na migahawa ya chokoleti, akawapa watu nafasi ya kupiga picha. Nilimwendea nikamuuliza kama si hapa vilipochomwa vitabu. Alinijibu kwa usahihi na kwa huzuni ya kweli: baada ya Francisco Jiménez de Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, kufika Granada mwaka 1499 ili kuwabatiza Waislamu kwa nguvu, vitabu vya Kiarabu vilikusanywa kutoka majumbani vikatiwa moto hadharani, na vya utabibu peke yake ndivyo vilivyotengwa na kupelekwa katika mji wa Alcalá. Lakini jibu hilo nililipata mimi peke yangu, tukitembea, huku wenzetu wakiwa mbele. Habari ya namna hiyo ni haki ya kundi zima, na uwanja ule ndio mahali pake pa kuelezwa.

Katika Plaza Nueva alirudi kwenye mkondo wake. Alitusimamisha juu ya mawe ya uwanja akatuambia kwamba mto Darro unapita chini ya miguu yetu, umefunikwa, na kwamba tukisogea hatua chache hadi kanisa la Santa Ana tutauona ukitokeza na kuanza kutembea nasi. Kanisa lenyewe, kama yalivyo makanisa mengi ya Granada, lilijengwa mahali palipokuwa na msikiti. Mbele yake alitueleza habari za Juan Latino, na kwa msomaji wa Afrika nadhani hii ni miongoni mwa zawadi kubwa za matembezi haya. Juan Latino alikuwa Mwafrika mweusi wa karne ya 16 aliyekulia utumwani katika nyumba ya watawala wa Sessa. Akimchukulia vitabu kijana wa nyumba hiyo alipokwenda kusoma, naye akasoma, hata akawashinda wengi. Alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Granada, akawa mwalimu wa Kilatini, akamwoa Ana, binti wa familia yenye jina, na mwaka 1573 akachapisha katika mji huu mashairi ya Kilatini yanayohusu vita vya baharini vya Lepanto. Sikuwahi kumsikia shuleni. Wala mwongozaji hakumtaja kama kioja. Alimtaja kama mwalimu wa mji wake, na heshima hiyo niliisikia katika sauti yake.

Njia ya Carrera del Darro, inayofuata kingo za mto, ndiyo sehemu ambayo kila mgeni hupiga picha, na inastahili. Barabara ni nyembamba kiasi kwamba basi dogo la mji likipita watu hujibanza ukutani. Upande mmoja ni nyumba za kale na upande wa pili ni mto ulio chini sana, wenye maji machache na kelele nyingi, na juu ya mto kilima cha Alhambra. Mahali fulani ng'ambo ya maji limebaki pande la mnara pamoja na mwanzo wa tao lililokatika, umbo la kwato ya farasi, likielekea hewani bila kufika upande wa pili. Ni mabaki ya daraja la karne ya 11 ambalo Wahispania huliita Puente del Cadí. Nilimwambia mama kwamba ni Daraja la Kadhi, na yeye akauliza kadhi gani, kama ambavyo mtu wa Mombasa angeuliza. Neno hilohilo la Kiarabu ndilo lililowapa Wahispania neno alcalde, wanalomwitia meya wao hadi leo. Maneno ya jamaa moja na yetu yalitufuata njia nzima: alcázar ni kasri, azafrán ni zafarani, fulano ni fulani, na hasta, wanayoitumia kila wanapoagana, ni ndugu wa hata yetu.

Hapo ndipo lilipotokea kosa kubwa la siku. Bañuelo, hamamu ya kale iliyo kando ya mto huo, ilitajwa katika maelezo tuliyoyalipia, lakini tulipofika tuliukuta mlango umefungwa. Saa za majira ya joto na za majira ya baridi hazilingani kwa majengo ya mji, na kampuni ilikuwa bado inaongoza watu kwa ratiba ya majira ya joto. Mwongozaji aliona haya, akaomba radhi, akatuonyesha picha katika simu yake. Picha ya simu si hamamu. Niliiandikia kampuni usiku uleule. Walinirejeshea yuro 5 kwa kila mtu na kuniandikia kwamba kundi la alasiri litaanza saa 8 katika miezi ya baridi. Nimeona ni haki kuyasema yote mawili, kosa na namna walivyolipokea.

Kutoka Paseo de los Tristes, inakoishia Carrera del Darro, njia huanza kupanda, na ni lazima nieleze wazi kupanda huko ni kwa namna gani. Vichochoro vya Albaicín vimetandikwa vijiwe vidogo vya mtoni vilivyosimamishwa wima, vingine vimepangwa kwa maua ya rangi nyeusi na nyeupe, vinavyopendeza kwa macho na kuumiza nyayo. Ngazi ni pana na zimeinama, hazina pa kushika. Mama ana miaka 67 na goti moja linalomsumbua. Mwongozaji alimtazama mara moja tu anavyoweka mguu, kisha bila kutangaza lolote akapunguza mwendo wa kundi zima kwa kusimama kila baada ya kona kueleza jambo: mlango wenye nyundo mbili, ukuta mrefu usio na dirisha, tawi la mkomamanga linalochungulia kutoka ndani. Komamanga kwa Kihispania huitwa granada, na limo katika nembo ya mji. Ukuta usio na dirisha ulimfurahisha mama kuliko yote, kwa kuwa aliujua. Nyumba za mtaa huu huitwa carmen, kutokana na neno la Kiarabu la mzabibu. Uzuri wake wote umo ndani, penye ua, miti na kidimbwi, na mpita njia haoni kitu. "Hii ni Lamu," mama alisema, akilipapasa chokaa la ukuta kwa kiganja.

Kidimbwi cha ndani ya ua Wahispania hukiita alberca. Ni al-birka ya Kiarabu, nasi twasema birika. Kwa wengi wa bara birika ni la chai, lakini kwa watu wa pwani ni pia lile hodhi la kutilia udhu msikitini, na kwa maana hiyo neno letu na lao limekaa mahali pamoja.

Sasa nifike kwenye kiini. Albaicín ina majabia, yaani mahodhi ya kuhifadhia maji, ya chini ya ardhi, ambayo wenyewe huyaita aljibe, na zaidi ya 20 bado yamesimama. Ukiyapita bila kuelezwa utadhani ni vijumba vya stoo: kuta za matofali, tao dogo, dirisha la chuma, giza ndani. Mwongozaji alitupeleka kwenye manne, na kila mara alitupa nafasi ya kuinama na kusikiliza. Maji hayakuwa ya mvua. Yaliletwa kwa mfereji kutoka chemchemi ya Alfacar, kaskazini-mashariki mwa mji, tangu karne ya 11, wakati Granada ilipokuwa chini ya Banu Ziri, ambao walikuwa Waberberi kutoka Afrika Kaskazini. Mfereji huo ulipewa jina la Aynadamar, yaani chemchemi ya machozi. Maji yalishuka kwa mteremko tu, bila pampu ya aina yoyote, yakigawanywa kwa zamu kati ya bustani, viwanda vya ufinyanzi, nyumba na misikiti, na karibu kila msikiti ulikuwa na jabia lake ubavuni. Misikiti ilipogeuzwa makanisa au kubomolewa, majabia hayakuguswa, kwa sababu dini yoyote inakunywa maji. Ndiyo maana leo jabia la San Nicolás, la San Miguel na la San Cristóbal yana majina ya watakatifu wa Kikristo, na mtu anayetaka kujua msikiti ulikuwa wapi hana haja ya ramani ya zamani, alitafute jabia.

Mbele ya jabia la Trillo, lenye tao lililochongoka juu, mama aliniambia, "Mwanangu, muulize maji yalikuwa yakiingilia wapi na taka zilitokaje." Nilitafsiri. Mwongozaji alipiga magoti juu ya vijiwe, akawasha taa ya simu, akamwonyesha tundu la mfinyanzi kwenye ukuta wa nyuma, karibu na dari, na akaeleza kwamba jabia lilifungwa kwa siku chache mtu akashuka kulifagia. Mama naye alipiga magoti, goti bovu na zima, wakawa wawili vichwa vyao vimegusana dirishani. Kwangu mimi matembezi yalilipa bei yake pale.

Nikaona nami nina la kumpa. Nilimwambia kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Tanja huko Moroko, alifika pwani yetu mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea hadi Kilwa, na katika habari zake chache za Mombasa alieleza kwamba milangoni mwa misikiti kuna visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, pamoja na chombo cha mti cha kutekea, na kwamba watu huosha miguu kisha huisugua kwenye jamvi kabla ya kuingia. Yeye alijua kwamba Ibn Battuta alifika Granada pia, karibu na mwaka 1350, chini ya Yusuf wa Kwanza yuleyule aliyejenga Madraza, na kwamba aliisifia Aynadamar kwa bustani zake. La Mombasa hakuwa amelisikia. Kisha akanipa jambo ambalo mimi sikulijua: kijana aliyekutana na Ibn Battuta katika bustani ya Granada, na ambaye baadaye huko Fez aliandika kwa mkono wake safari zote hizo kama zilivyosimuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 1355, ni Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada. Yaani sentensi tunazozinukuu kila tunapotaka kueleza Kilwa na Mombasa zilivyokuwa karibu miaka 700 iliyopita zilitungwa kwenye karatasi na mtu wa vichochoro hivi, aliyekua akijua jabia ni nini na maji ya mlangoni mwa msikiti yana kazi gani. Kundi zima lilikuwa limekusanyika kusikiliza. Nilitamani habari hiyo iwe sehemu ya kudumu ya matembezi, naye aliiandika katika kijitabu chake.

Tulipita kanisa la San Salvador, ambalo ua wake ni ua wa msikiti mkuu wa Albaicín, matao yake bado yakiwa yamesimama, kisha tukapita Plaza Larga na lango la Arco de las Pesas, mabaki ya ukuta wa Banu Ziri. Kwenye kijiuwanja kimoja jirani na hapo palikuwa na mti wenye matunda mabichi. Mama alichuma jani, akalipondaponda, akanusa na kusema, "Narinji." Mwongozaji akageuka, akasema, "Naranja." Walitazamana wakacheka kama watu waliokutana sokoni, na kwa dakika moja hawakunihitaji.

Uwanja wa San Nicolás jioni una watu wengi kupita kiasi, wapiga gitaa na wauza mikufu, na wezi wa mifukoni pia wanasemwa sana, kwa hiyo mkoba uushike mbele. Lakini kinachoonekana kutoka pale hakina kifani: Alhambra nzima ng'ambo ya bonde, kuta zake zikibadilika kutoka rangi ya udongo hadi wekundu wa kutu, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa kwa ajili hiyo mjini baada ya miaka zaidi ya 500, na bustani yake hupokea wageni wa dini zote. Magharibi ilikuwa imekaribia. Mwongozaji alituambia wawili sisi, bila kuombwa, kwamba angefunga maelezo yake hapohapo ili tusikose swala. Adhana ilitolewa kwa sauti ya mtu bila kipaza sauti, ikasikika hadi uwanjani, na watalii kadhaa walinyamaza.

Nina malalamiko mengine. Tulipokata tiketi tuliahidiwa kundi la watu 15, tukawa 24, idadi isiyofaa kwa vichochoro vile. Visikilizio tulivyopewa vilikatika sauti kila mwongozaji alipopinda kona, na cha mama hakikufanya kazi kabisa tangu Plaza Nueva. Mambo haya ni ya kampuni, si yake.

Lililo lake, na ambalo nililimwambia kwa adabu, ni namna alivyosimulia mwisho wa watu wa mtaa huu. Alisema kwamba baada ya 1492 Wamoro, yaani Waislamu wa Uhispania, "waliondoka". Hawakuondoka. Mkataba wa mwaka 1491 uliwaahidi dini yao, sheria yao na mali yao, na ndani ya miaka kumi ahadi hiyo ilikuwa imevunjwa: waliambiwa wabatizwe au wahame, na Albaicín ndiko uasi wa kwanza ulikoanzia. Mwaka 1567 amri ya mfalme ilipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hata hamamu zao, na mzee mmoja wa jamii hiyo, Francisco Núñez Muley, aliandika waraka wa kuipinga akieleza kwa utaratibu kwamba kuoga si ibada na kwamba nguo na lugha ya mtu si dini yake. Hakusikilizwa. Uasi wa 1568 ulifuata, ukazimwa, wakazi wakasambazwa katika nchi ya Kastilia, kaskazini mwa Granada, na kati ya 1609 na 1614 wazao wao walifukuzwa Uhispania nzima. Wengi wao walikuwa wenyeji wa nchi ile kwa damu, Waislamu kwa vizazi vingi, na hawakuwa na kwingine kwa kurudi. Mwongozaji anayejua kueleza tundu la mfinyanzi kwa dakika tano hawezi kukosa dakika tano za habari hii, na mahali pake panajulikana: mbele ya Bañuelo, kwa kuwa marufuku ya hamamu ilikuwa marufuku ya maji.

Kwa anayetaka kwenda, avae viatu vyenye soli nene na laini, wala asijaribu kandambili. Kiti cha magurudumu hakitapita baada ya Paseo de los Tristes. Mwenye shida ya miguu apande basi dogo la C31 hadi juu, kisha aombe kukutana na kundi San Nicolás na kushuka nalo. Yapo pia matembezi yasiyo na bei, ambayo mgeni hulipa bakshishi mwishoni, lakini makundi niliyoyaona yalikuwa makubwa kuliko letu na hayakusimama kwenye majabia. Watoto wadogo watachoka. Mtu anayependa kukaa kimya na kutazama jambo moja kwa muda atafaidi sana.

Kesho yake asubuhi tulirudi Bañuelo wenyewe. Ni hamamu ya vyumba vitatu, cha baridi, cha vuguvugu na cha moto, iliyonusurika kwa sababu ilifichwa chini ya nyumba ya kuishi na kwa muda mrefu ilitumiwa na wanawake wa mtaa kufulia nguo. Nguzo zake hazifanani, kwa kuwa vichwa vyake vilichukuliwa kutoka majengo ya zamani zaidi, vingine vya Kirumi. Kwenye dari la tofali yametobolewa matundu ya umbo la nyota, na jua la saa 4 lilikuwa likiingia kupitia hayo na kuchora nyota sakafuni. Mama aliketi kwenye ukingo wa chumba cha kati, akavua viatu, akaweka miguu yake yote miwili juu ya nyota moja, akakaa hivyo mpaka nyota ikasogea.